Mulombwa Mbichi na Betri Iliyojaa

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, shemeji yangu wa Nchelenge alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya drili ya manjano, ya pili drili ya kijani-bluu. Chini yake palikuwa na sentensi moja, kwa kile Kiswahili alichookota kwa wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Congo: "Bamulamu, iko mzuri gani, hii ao ile?"

Mulamu kwa Kibemba ni shemeji, na hilo "ba" la mbele ni heshima. Nami nikiitwa hivyo huona lazima nijibu kama mtu mwenye akili. Nikamuuliza: unataka kutengeneza nini, na kwa mbao gani? Akanyamaza siku mbili. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu hawapendi kujibiwa swali kwa swali. Aliporudi alisema anataka kitanda, kabati la vyombo na meza ya kusahihishia madaftari. Mbao zitapatikana tu, akasema, mashine kwanza, maana bei inapanda kila lori jipya linapoingia kutoka mpakani Nakonde.

Tumebishana juu ya jambo hilo hadi leo, na dada yangu ametuchoka wote wawili. Msimamo wangu ni kwamba mtu anayetaka kufanya useremala nyumbani anunue mbao kwanza, azikaushe, na drili aifikirie mbao zikiwa tayari zimetulia. Shemeji anaona huo ni ushauri wa mtu ambaye umeme kwake haukatiki. Na katika hilo la umeme, nakiri, alinishinda mapema.

Asiyelijua Nchelenge aelewe kwanza pale ni mahali gani. Ni mji wa wilaya katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, ufukwe wa mashariki wa Mweru, umeungana na Kashikishi ambako samaki huuzwa. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 5,100, na mpaka wa Congo unapita katikati ya maji. Ng'ambo kuna mji unaoitwa Kilwa, tena katika ziwa kuna kisiwa cha Zambia kinachoitwa Kilwa. Kwa hiyo Mtanzania akiwa huko akisikia mtu kavuka kwenda Kilwa asidhani anazungumziwa Kilwa Kisiwani ya kwetu. Usiku usio na mbalamwezi ziwa huwaka taa kama mtaa, wavuvi wakivua chisense, vidagaa vyao, kwa mwanga. Taa zile zilikuwa za mafuta, na sasa nyingi ni za betri. Wavuvi wa pale wanaijua chaji kuliko maseremala wengi wa Dar es Salaam. Wanajua betri iliyochoka, betri iliyoachwa juani, na betri ya kuazimwa.

Halafu kuna ukame. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya bwawa la Kariba yalipungua mno, na kwa kuwa Zambia hutegemea mabwawa kwa sehemu kubwa ya umeme wake, mgao wa mwaka ule ulifikia mahali ambapo katika baadhi ya maeneo umeme ulikatika hadi saa 21 kwa siku. Fundi mwenye msumeno wa umeme alikaa akiutazama tu. Mwenye mashine ya betri aliamka saa nane za usiku umeme uliporudi, akachomeka chaja, akalala tena. Siku hizo ndizo zilizomfanya shemeji aziangalie drili kwa macho mengine, na sina haki ya kumwambia kwamba ni anasa.

Basi tuzungumze hizo drili, kwa kuwa zimejaa hadithi za dukani.

Rangi si ushahidi. DeWalt ya Marekani ni ya manjano, na Ingco ya China nayo ina manjano yake. Makita ya Japani ina kijani-bluu, na Total ya China inayofanana nayo kwa rangi utaiona kwenye rafu ileile. Bosch huuza za buluu kwa mafundi na za kijani kwa watu wa nyumbani, na wauzaji wengi hawakuelezi tofauti hiyo. Picha mbili alizonitumia shemeji zingeweza kuwa mashine zilizotofautiana bei mara tatu au nne, na kwa simu nisingejua.

Volti nazo. Mtu ataambiwa kwamba hii ya volti 20 ina nguvu kuliko ile ya 18. Zote zina safu ya seli tano za lithiamu ndani. Kila seli ikitoka kwenye chaji ina volti 4 na kidogo, nayo ikitulia kazini huwa kwenye 3.6. Zidisha kwa tano: ya kwanza inakupa 20 ya tangazo, ya pili inakupa 18 ya kazi. Ni kitu kilekile kimepewa majina mawili, na anayelipa zaidi kwa sababu ya zile volti mbili amelipia stika.

Namba ya maana iko chini yake, kwa herufi ndogo: ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 inahifadhi wati-saa 90, yenye ampea-saa 2 inahifadhi 36. Hapo ndipo uongo unapokaa, maana namba ni wino tu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua, katika duka ambalo sitalitaja katika mji ambao pia sitautaja, betri iliyoandikwa 6.0, nyepesi kama shomoro. Ilitoboa matundu tisa kwenye ubao wa paini ikalala. Nilipoifungua nilikuta seli tano tu. Betri nyingi za kweli za ukubwa ule huwa na seli kumi, na seli hizo peke yake zinakaribia nusu kilo kabla hujaongeza plastiki. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa shemeji ulikuwa rahisi kuliko alivyotarajia: ukiwa sokoni Kashikishi, omba mizani ya samaki, weka betri juu yake. Alicheka. Baadaye alifanya hivyo kweli, na muuza samaki akamuuliza kama betri ile imepaliwa magamba.

Kuna habari ya mota isiyo na brashi, ile ambayo haina makaboni ya kubadilisha. Ni nzuri, haipati joto sana, inakula betri kidogo, na inaongeza bei. Kwa mtu wa kitanda kimoja na kabati moja, ile ya makaboni inatosha. Ina faida moja ambayo wenye matangazo hawaisemi, kwamba makaboni yakiisha fundi wa kawaida anayabadilisha kwa dakika kumi.

Ila usilisahau jambo la ndoa. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile. Ukinunua drili umeoa ukoo mzima: msumeno, grainda na taa utakazonunua baadaye zitakuwa za ukoo huohuo, ama uanze upya na betri nyingine na chaja nyingine. Makita wameshikilia betri moja ya volti 18 tangu mwaka 2005, na hilo kwangu ni hoja nzito kuliko nguvu yoyote iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu mtu wa Nchelenge akitafuta betri ya pili miaka sita ijayo ataitafuta Mansa, au Kasama, au atamwagiza dereva wa lori. Kwa upande mwingine Ingco na Total ndizo zilizo karibu na mkono wake, na bei yake anaiweza mwalimu. Nikipima yote, nilimwambia anunue ile ambayo muuzaji anaweza kumwonyesha betri ya pili imekaa kwenye rafu siku hiyohiyo. Asiahidiwe kwamba inakuja wiki ijayo. Na kama chaja ina pini mbili za duara, imevuka ziwa kutoka Congo, basi anunue na kigeuzi kabla hajatoka dukani.

Drili moja, betri mbili. Hapo ningesimama. Msumeno wa betri, randa ya betri na mashine ya msasa ya betri ningeziacha, kwa hesabu nyepesi. Kutoboa tundu na kukaza skrubu ni kazi ya sekunde chache, na wati-saa 90 zinakwenda mbali. Kupasua ubao mgumu kwa urefu wake, au kuuparua uso wote, ni kazi ya kumeza betri. Utakula ile ya kwanza kabla hujamaliza ubao wa pili, na kuijaza tena kwa paneli ya jua ya wati 100, ukihesabu upotevu wa njiani, ni saa mbili za jua zuri. Randa ya mkono na msumeno wa mkono havina saa za mgao.

Watu husema mashine za betri ni mambo ya juzi tu. Drili ya betri ya kwanza ya Black & Decker ilitoka mwaka 1961, na kufikia 1971 wanaanga wa Apollo 15 walikuwa na drili ya betri mwezini. Ilikwama ardhini ikawatesa, jambo linalomfariji kila aliyewahi kukwama kwenye ubao. Na kabla ya hapo maseremala wa pwani yetu walikuwa na keekee, ile drili ambayo fundi huizungusha kwa kuvuta na kusukuma uta wenye kamba. Keekee haikuwa na waya wa umeme, ingawa kamba ilikuwa nayo. Imetoboa majahazi yaliyokwenda Oman na kurudi.

Hadi hapa shemeji aliniona nimekubaliana naye. Lakini nilikuwa bado sijafika kwenye mbao.

Luapula ni nchi ya miombo, kama Tabora na Katavi, kwa hiyo miti mingi ya kule Mtanzania anaijua, ila kwa jina jingine. Mulombwa wa Wabemba, ambao sokoni Lusaka unaitwa mukwa, ndio mninga wetu. Mupapa ndio mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi. Mubanga ni ule mti mzito wa nguzo ambao mchwa huuzunguka. Na mukula, jina lililotia watu wengine utajiri na wengine jela, ndio mkurungu.

Mukula unastahili maelezo kidogo. Zamani ulikuwa mti wa rangi nyekundu ya unga na dawa, na wa samani za hapa na pale. Kisha soko la China la samani nyekundu za kifahari likafika, na katika mwongo wa 2010 miti ya majimbo ya Luapula na Muchinga ikaanguka kwa kasi. Serikali ikapiga marufuku, ikaruhusu, ikapiga marufuku tena. Mwaka 2017 malori yaliyobeba mukula kutoka Congo yalizuiliwa Zambia yakapanga foleni. Desemba 2019 shirika la uchunguzi wa mazingira, EIA, lilitoa ripoti nzito juu ya nani alikuwa akinufaika, na mwezi mmoja kabla ya hapo mti huo ulikuwa umeanza kulindwa na mkataba wa CITES. Mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliongeza jamaa zake wote wa Afrika, mninga ukiwamo, pamoja na mkongo. Mkataba huo unahusu biashara ya kuvuka mipaka. Haumkatazi mwalimu kutengeneza kitanda. Lakini ndani ya Zambia kuna Sheria ya Misitu ya 2015, na ubao usio na kibali unaweza kukamatwa njiani pamoja na baiskeli iliyoubeba. Nilimwambia shemeji: mukula uache. Si kwa sababu ya sheria peke yake. Ni mti ulioumizwa vya kutosha, na kitanda cha mwalimu hakihitaji kuwa chekundu.

Kwa kitanda nilimpendekezea mulombwa, bila kusita. Mti huu una tabia ambayo seremala wa nyumbani anaihitaji kuliko ugumu: haunywei sana ukikauka. Ndiyo sababu mojawapo ya mti huu kuchongwa mitumbwi katika sehemu nyingi za Zambia, maana mtumbwi hulowa na kukauka kila siku ya maisha yake. Uzito wake ni wa kati, takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu. Randa inautii, skrubu inauingia baada ya tundu dogo. Vumbi lake tu ndilo baya kifuani, kwa hiyo funga pua kwa barakoa, au hata kwa kitambaa.

Mubanga ningemkataza. Ni mti mzuri kwa nguzo ya baraza, lakini mtu mwenye drili mpya akikutana na mubanga mkavu bila kutanguliza tundu, kichwa cha skrubu hukatika na mwili wake ukabaki kiunoni mwa ubao, na hapo ndipo wengi huanza kusema mashine yao ni mbovu. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja: drili ikalaumiwa, ikarudishwa dukani, ikabadilishwa kwa kubwa zaidi, nayo ikakata skrubu kwa kasi kubwa zaidi. Ukitaka kujua nguvu gani ya drili inakutosha, angalia kwanza ubao. Paini ya mashamba ya Copperbelt, ambayo kampuni ya misitu ya ZAFFICO huikuza kule Ndola na Kitwe, inatobolewa na drili yoyote ile, hata ya bei ya kutupa. Rafu za ndani za kabati la vyombo ningezitengeneza kwa hiyo paini, na milango na fremu kwa mulombwa.

Lakini aina ya mti, pamoja na maneno yote haya, si tatizo kubwa la samani za nyumbani. Maji ndiyo tatizo.

Mbao nyingi zinazouzwa kandokando ya barabara, huko kama huku kwetu, zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo porini, mkono ukiongoza, na zimefika sokoni zikiwa mbichi. Unene wake unapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Ubao wa namna hiyo ukiugeuza kitanda leo, kitanda chako kitaendelea kukauka ukiwa umekilalia. Miti mingi ikitoka kwenye ubichi hadi ukavu wa ndani ya nyumba hupungua asilimia kadhaa kwa upana, na upande unaofuata duara la mti hupungua karibu mara mbili ya upande unaokwenda katikati. Ubao wa sentimita 30 ukipungua asilimia 6 umepoteza karibu sentimita mbili. Hakuna gundi wala skrubu inayozuia hilo. Mwaka 2016 nilitengeneza mlango wa kabati kwa mkaratusi uliokuwa na wiki tatu tangu kupasuliwa. Miezi minne baadaye ulikuwa umejipinda kama kikaango, na mke wangu alikuwa akiufunga kwa kamba ya katani. Mashine niliyotumia ilikuwa nzuri sana.

Sasa angalia kalenda ya Nchelenge, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua kabla ya ubishi huu. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazaane, na Mweru ni miongoni mwa maziwa yanayofungwa. Kwa mji unaoishi kwa samaki, hiyo ndiyo miezi ya mikono mitupu. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na mtu aliyekuwa na mpango wa kitanda hukumbuka kitanda. Hata mwalimu, ambaye ana likizo yake Desemba, huvutwa na mkondo huohuo. Lakini Desemba ni kilele cha mvua. Mvua za Luapula huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo muda wa kufanya kazi umeangukia hasa wakati ambao ubao haukauki, na ndiyo maana vitanda vingi vya pale vinatengenezwa kwa mbao zilizolowa, vikifika Agosti vimelegea.

Dawa yake ni kununua mbao Mei, fedha za samaki zikiwa bado zinazunguka na mvua imekoma. Shemeji alinung'unika. Alikuwa ameweka akiba ya drili, nami nilikuwa namwambia aitumie kwa kitu ambacho kitakaa miezi sita bila kufanya lolote. Dada yangu ndiye aliyeamua. Alisema anataka kitanda, hataki mashine, na fedha zikaenda kwenye mulombwa: mbao kumi na nne za inchi moja, zenye kibali.

Zikapangwa nyuma ya nyumba chini ya bati, juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja vikiwekwa kati ya kila safu, kijiti juu ya kijiti kwa mstari wima ili ubao usipinde. Ncha zikapakwa rangi ya mafuta iliyobaki shuleni, kwa sababu ubao hukauka haraka zaidi mwishoni na hapo ndipo hupasuka. Juu kabisa mawe. Jirani mmoja mvuvi alishauri tuzipandishe juu ya chanja cha kukaushia samaki zipate moshi, zitakauka wiki moja. Ushauri wa mtu anayejua kukausha, lakini ubao si samaki. Ukiukausha nje haraka na ndani bado umelowa, ngozi yake hupasuka.

Swali lililobaki lilikuwa tutajuaje kwamba umekauka. Kuna vipimo vya unyevu vyenye sindano mbili, vinavyouzwa mjini, na sikumwona mtu yeyote Nchelenge mwenye kimojawapo. Tukarudi kwenye mizani ya samaki. Chagua ubao mmoja, uutie alama, upime kila Jumapili ya pili, uandike kwa chaki juu yake. Ukiacha kupungua, umefika. Ubao wa shemeji ulianza na kilo 13.2. Wiki ya sherehe ya Mutomboko, mwishoni mwa Julai, alipokwenda Mwansabombwe kumwona chifu Mwata Kazembe akicheza, ulikuwa kilo 10.6. Muuza samaki sasa alikuwa anatuulizia habari zake.

Katikati ya kungoja huko nilipata muda wa kuudhika na jambo jingine, na msomaji aniwie radhi kwa kulitaja hapa. Betri nyingi za lithiamu za drili zina kobalti na lithiamu. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Katanga, ng'ambo ya maji ambayo shemeji huyatazama akinywa chai. Lithiamu iko Manono, kaskazini-magharibi mwa Pweto, ambako ziwa humimina maji yake katika mto Luvua. Madini ya mgodi wa Dikulushi yaliwahi kuvushwa ziwani kutoka Kilwa hadi Nchelenge ili yaendelee na safari yake duniani. Mansa, makao makuu ya jimbo, palikuwa na kiwanda cha betri, Mansa Batteries, nacho kilifungwa miaka ya 1990. Aprili 2022 Zambia na Congo zilitia saini makubaliano ya kutengeneza malighafi ya betri pamoja. Wakati tunangoja, betri hupita pande hizi mara mbili: mara ya kwanza ikiwa jiwe, mara ya pili ikiwa kisanduku cha plastiki kilichoandikwa 6.0 chenye seli tano.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao ina uzito. Fundi anayeishi kwa kuuza vitanda kando ya barabara hawezi kufungia mtaji wake kwenye mbao miezi sita. Mteja analipa leo, anataka Jumamosi. Kweli kabisa, na siwezi kumhubiria. Lakini hata fundi huyo ana mbinu ambazo mwenye drili mpya hazijui. Nilipokwenda Kashikishi Septemba nilimtazama mmoja akichonga ulimi wa fremu kwa patasi, akauingiza kwenye tundu, kisha akapigilia kijiti cha mti mkavu kwenye fremu iliyokuwa mbichi bado. Fremu ikikauka inakibana kijiti. Amegeuza ubichi ukamfanyia kazi. Hakutumia skrubu hata moja. Nilimuuliza kwa nini, akasema skrubu inakumbuka umbo la siku ilipowekwa, na mti unasahau. Kila nikiifikiria sentensi hiyo naiona inamlenga mtu kama mimi.

Skrubu zenyewe wazee wetu waliziita parafujo, neno la Kireno, kama meza. Maneno hayo yalitufikia kwa njia ya pwani, lakini Wareno walifika hadi kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, katika msafara wa Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyefia hukohuko. Kwa hiyo meza ya kusahihishia madaftari ina jina ambalo Wareno wenyewe waliwahi kulitamka karibu na pale itakapowekwa. Shemeji aliposikia hayo alisema ni mambo mazuri, na akauliza ni lini atanunua drili.

Aliinunua mwisho wa Oktoba. Sitasema ya rangi gani, maana tangu mwanzo nimesema rangi haijalishi. Betri mbili, zote zilizopimwa. Usiku wa kwanza umeme ulirudi saa tisa, akaamka akazijaza zote, kisha akakaa gizani na kitu kilichojaa nguvu bila kazi ya kufanya, kwa sababu ubao ulikuwa bado kilo 9.3 na Jumapili iliyotangulia ulikuwa 9.5.

Tarehe 3 Desemba, uvuvi umefungwa na mvua inapiga bati, alinitumia picha moja tu. Ni ubao juu ya mizani. Kando yake kuna safu ndefu ya namba za chaki, nyingine zimefutika kwa jasho la mkono, na za mwisho tatu zinafanana: 8.9, 8.9, 8.9. Chini yake ameandika, "Bamulamu, tundu la skrubu namba nane ni milimita ngapi?"

Nikamwambia tatu, na ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.